Wakazi Wasio na Anwani

Mama mdogo wangu ana shahada mbili na alikuwa anaitafuta ya tatu, ile ya uzamivu, na ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeitafuta kwa kuzamia kweli. Wenzake walizamia vitabuni, wakaibuka na miwani. Yeye alibeba mtungi wa hewa mgongoni, akashuka mita kumi na mbili chini ya maji kukata vipande vya sifongo.

Nikisema sifongo watu wanafikiria kile kidude cha kuoshea vyombo. Sawa, lakini huyu wa baharini ni mnyama. Hana macho, hana mdomo, hana moyo, hana pa kwenda. Amekaa kwenye mwamba tangu utoto wake, kazi yake ni kuvuta maji huku na kuyatoa kule, kutwa kucha, anachuja chakula. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisema tunaye mjomba mmoja wa namna hiyo.

"Subiri," mama mdogo akasema. "Sijafika kwenye utamu."

Utamu wenyewe ni bakteria. Unaweza kumpima sifongo mmoja ukakuta theluthi ya uzito wake si yeye, ni wapangaji. Bakteria wa mamia ya aina, wengi wao ukichota maji hapohapo nje ya ngozi yake huwaoni, au unawaona kwa taabu. Wengine anawala. Wengine anawaacha wakae: hawa wanamtengenezea chakula, wale wanamtengenezea sumu ya kufukuzia maadui. Anajuaje yupi wa kula na yupi wa kumkaribisha ndani, na hana hata kichwa cha kufikiria, hapo ndipo wenye vichwa wanapokuna vya kwao.

Swali la mama mdogo lilikuwa dogo kuliko hilo. Nani anakaa wapi? Alichagua aina moja tu ya sifongo, wa kahawia, ukubwa wa ngumi, akakata vipande kwenye sehemu tatu. Ya kwanza tuliiita Bombani, pale bomba la maji machafu ya mji linapomwagia. Ya pili Katikati. Ya tatu Nje, ukingoni kabisa mwa mwamba, ambako maji ni safi. Vipande ishirini kila sehemu, jumla sitini. Sifongo wa aina moja, kimo kimoja, kina kimoja, msimu mmoja. Alihangaika miaka miwili kuhakikisha wanafanana kama mapacha, ili bakteria wao wakitofautiana, pasiwe na kisingizio kingine ila mahali. Shahada yote ilisimama hapo. Hilo la kufanana ndilo lililokuja kutumaliza.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari. Matokeo yangu hayakunituma chuo wala hayakunifukuza, yaliniangalia tu. Mama yangu akampigia mdogo wake: "Mchukue huyu. Hapa nyumbani ananimalizia masikio." Nikachukuliwa, nikapewa koti jeupe lililonipwaya, na kabla ya saa nne nikapewa na jina. Kasuku.

Maabara ni vyumba viwili kwenye ukumbi wa nyuma. Cha kwanza chetu. Cha pili ni cha watu wa magonjwa ya samaki, wanaoazima vitu kama jirani anavyoazima chumvi, yaani hairudi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vichupa, kufagia, na kubadilisha spiriti. Kipande cha sifongo kinawekwa kwenye kichupa chenye spiriti kali ili kisioze, lakini sifongo amejaa maji, na maji yake yanaizimua ile spiriti. Kwa hiyo baada ya siku moja unamwaga, unaweka mpya. Kazi ya mtoto wa darasa la nne.

Kuna sheria moja ya watu wa spiriti, nayo ni hii: namba ya kichupa inaandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu, na hiyo karatasi inatumbukizwa humohumo ndani, iogelee na mwenzake. Penseli haiogopi spiriti. Mama mdogo aliniambia. Sitasimama hapa niseme hakuniambia. Tatizo ni kwamba aliniambia siku ileile aliyoniambia mambo mengine arobaini, na lililoniingia kuliko yote lilikuwa lile la uchafu: kwamba chochote kinachoingia kwenye kichupa kinaingia na bakteria wake. Kidole, pumzi, vumbi, mate.

"Hasa mate yako, Kasuku. Ukifungua kifuniko, funga mdomo."

Sasa akasafiri, wiki tatu, mkutano. Akaniachia vichupa sitini na kazi ya kubadilisha spiriti. Nikafungua cha kwanza nikaiona ile karatasi. Imekuwa ya kahawia, inateleza, ina ute. Nikakumbuka ilikoandikwa: ndani ya boti, na aliyekuwa anamshikia mama mdogo karatasi ni Pezi, mzamiaji wake, mtu ambaye hula samaki wa kukaanga kwa mkono mmoja huku anafanya kazi kwa mkono wa pili. Nikajiuliza, hivi karatasi ya Pezi ina bakteria wangapi? Hapo ndipo nilipotumia akili, na naogopa kuitumia tena.

Nikatoa karatasi zote sitini kwa koleo. Nikasoma moja moja, na nje ya kila kichupa nikaandika namba yake kwa maka peni ya bluu. Niliandika vizuri. Naomba hilo lijulikane. Herufi zimesimama, namba zimenyooka, mpaka nilimwita mtu wa samaki aje aone, akasema kweli kijana una mkono. Karatasi nikazitia kwenye ndoo ya taka, taka ikaenda.

Kisha nikatafuta vile vibao vya matundu vya kusimamishia vichupa. Vimeazimwa. Nikavilaza vichupa kwenye beseni, nikaliingiza kwenye friji, nikafunga mlango kwa goti.

Mama mdogo alirudi Jumatatu, akaja moja kwa moja na begi lake. Alinisalimia, akaniletea biskuti za ndege, akafungua friji. Mimi nilisimama nyuma yake nikisubiri kusifiwa mwandiko.

Ndani ya beseni, chini kabisa, palikuwa na kidimbwi cha bluu. Bluu nzuri, kama shati la shule jipya. Vifuniko vitatu au vinne sikuwa nimevikaza sawasawa. Spiriti ilitoka pole pole, ikasambaa, ikalamba wino wa kimoja hadi kingine. Vichupa viling'aa kama vimetoka dukani.

Akachukua kimoja, akakizungusha. Akachukua kingine. Akachukua cha tatu akakiangalia dirishani, kwenye mwanga, akitafuta kitu ndani.

"Kasuku."

"Naam, mama mdogo."

"Karatasi za ndani ziko wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchekesha kwa maisha yangu yote ya kabla ya hapo. "Nilizitoa," nikasema. "Zilikuwa chafu."

"Chafu."

"Zina bakteria wa Pezi."

Mama yangu angekuwa ameshaokota mwiko. Huyu alikaa juu ya begi lake, kichupa mkononi, akanitazama kwa muda kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leta taulo. Tuone vilivyobaki."

Vilibaki tisa. Vile vilivyokuwa juu ya wenzake, ambavyo spiriti haikuvifikia. Hamsini na moja vilikuwa vitupu. Daftari lake lilikuwepo, kamili, namba ya kwanza mpaka ya sitini, kila moja na mahali pake na saa yake na uzito wake na joto la maji. Ila daftari linajua namba, na namba zilikuwa kwenye taulo.

Tulijaribu. Tulimulika tochi kwa mshazari kutafuta alama ya mkandamizo wa kalamu, lakini mimi mkono wangu ni mwepesi, ndiyo siri ya mwandiko mzuri. Tulijaribu taa ya zambarau ya watu wa samaki, ile ya kuonyesha visivyoonekana kwa macho. Tulipima vipande kwa mizani tukilinganisha na daftari, tukakuta spiriti imewanyonya maji kila mmoja kwa kiasi chake. Nilienda hadi kwenye jalala, nikasimama mbele ya mlima wa taka za wiki tatu za mji mzima, nikiwa nimeshika koleo.

"Si turudi baharini tukachukue wengine?" nikamwambia siku ya tatu. Lilikuwa wazo la wazi mno nikashangaa hajalisema yeye.

"Mpigie Pezi," akasema. "Akuambie mwenyewe."

Pezi alikuja badala ya kuongea kwenye simu. Ni mtu mnene, mwenye miguu mikubwa inayogeuka nje, ndiyo asili ya jina lake, na siku hizo alikuwa amepata kazi kwenye ile meli kubwa inayochimba njia ya kuingilia bandarini, kusafisha panga lake la kusukumia maji likinasa takataka. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hapo nikajua hana habari njema.

"Mdogo wangu," akamwambia mama mdogo, "usiende. Utaumia bure. Tope wanalolinyonya kule njia ya meli wanalimwaga huku mwambani. Bombani nilikanyaga, mguu ukazama mpaka gotini. Katikati hivyohivyo."

"Na Nje?"

"Nje hakuna tena nje."

"Hata pembeni kidogo?"

"Tope limepanda mpaka juu ya mwamba. Na mnyama wako yule si anavuta tu? Analetewa tope, anavuta tope. Kinywa hana cha kufunga." Akakuna shingo. "Nilitaka kukuambia. Nikasema akirudi safari, apumzike kwanza."

"Wewe si unafanya kazi kwao?"

"Nisipofanya mimi wataacha kuchimba?"

Alikuwa sahihi, na wote watatu tulichukia kwamba yuko sahihi. Pezi akaegemea meza, akaangalia vile vichupa. "Lakini hawa nawajua," akasema. "Nimewashika mmoja mmoja. Huyu, kwa mfano, wa Bombani kabisa. Angalia alivyokunja sura."

"Hana sura," nikasema.

"Kwa wewe usiyemjua."

Mama mdogo akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu niliona matumaini usoni kwake, na yaliniuma kuliko machozi. Akafanya jambo la kisomi. Alichukua vile tisa vyenye namba, akavizungushia karatasi nyeupe penye namba, akavichanganya, akampangia Pezi mezani. "Niambie wa wapi," akasema. "Ukivijua hivi, nitakuamini kwa vingine."

Pezi alikunja mikono ya shati. Alinusa. Aliinamisha kichwa kama fundi anayesikiliza injini. Alichukua nusu saa, na mimi nilikuwa namwombea, mimi ambaye hata kwenye mtihani wangu mwenyewe sikuomba. Tukafunua karatasi. Alipata vinne.

"Vinne kati ya tisa," akasema Pezi, akitutazama kwa zamu. "Si haba."

"Sehemu ziko tatu, kaka," mama mdogo akasema taratibu. "Hata Kasuku akifumba macho anapata vitatu."

"Nimemzidi kimoja, basi."

Tulicheka. Tulicheka kweli, mpaka mama mdogo akajifuta macho, kisha hakuacha kujifuta. Pezi akavaa viatu vyake akaenda, akaacha mlango wazi.

Mama yangu alipopata habari alinipigia simu akanisomea methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia ndiyo mama. Sikuongeza kwamba guu lililovunjika halikuwa langu. Mimi nilikuwa nakula, nalala, natembea vizuri tu.

Nikaja na wazo la pili. Nililibeba siku mbili kabla ya kulitoa, ili liive. "Mama mdogo, kile chombo cha kusoma vinasaba kule ng'ambo, si kitatuambia kila kichupa kina bakteria gani? Wakijigawa makundi matatu, si tumeshajua? Wachafu wa Bombani, wasafi wa Nje. Bakteria wenyewe watasema wanakaa wapi."

Alikuwa anasahihisha karatasi za wanafunzi. Akaweka kalamu chini. "Umefikiri vizuri," akasema, na alimaanisha. "Ila swali langu lilikuwa je, mahali panabadilisha bakteria. Nikitumia bakteria kujua mahali, halafu nikasema tazameni, mahali pamebadilisha bakteria, nitakuwa nimefanya nini?"

Nikafikiri. "Umempa mtuhumiwa aandike hukumu."

"Umeona."

Wazo la tatu halikuhitaji kuiva, na nililisema nikiangalia sakafu. Nilisema mkono ninao bado. Nilisema daftari lipo, vichupa vipo, namba sitini si nyingi, na hakuna mtu duniani, hata Pezi, anayeweza kuthibitisha kwamba kichupa hiki si cha kumi na nne. Nilisema naandika leo, kesho vinasafiri.

Nadhani lilimpita kichwani. Sitaki kumfanya malaika. Aliliangalia lile daftari kwa muda ambao maji yaliweza kuchemka kwenye birika na kujizima. Walimu wake walikuwa wamempa hadi mwisho wa mwaka, na mwaka ulikuwa umebakiza kidogo. Kisha akasema, "Nitajua mimi," akainuka akamimina chai.

Vikaenda hivyohivyo. Kwa ruhusa ya walimu wake, waliomwongezea na muda, alibadilisha kichwa cha utafiti. Mwanzo kilikuwa na maneno mawili makubwa, wingi wa aina na mtawanyiko wake, na mtawanyiko ukafutwa. Alisema wingi peke yake unaweza kumpa shahada kama wasahihishaji watakuwa wameamka vizuri. Vichupa vikapewa namba mpya zisizo na maana yoyote, moja mpaka sitini, na mbele ya hamsini na moja kwenye orodha, kwenye safu ya mahali, palikuwa na kistari.

Miezi minne. Nilifagia. Nilijifunza kufunga mdomo kwa saa mbili mfululizo, jambo ambalo watu wa samaki walidhani ni malaria.

Majibu yalikuja saa saba mchana, mama mdogo akiwa na kipindi saa nane. Orodha ilikuwa ndefu kiasi kwamba ukiivuta chini kwa kidole, kidole kinachoka. Aina elfu mbili na mia kadhaa. Mama mdogo alisoma akiwa amesimama, koti la mvua bado mabegani, na niliona midomo yake inatamka majina kama mtu anayeitiwa wageni wake mlangoni. Kisha akafika kwenye barua ya profesa mwenye chombo, mzee mmoja wa mbali ambaye hatujawahi kumwona. Mistari mitatu ya hongera. Kwenye kichupa cha thelathini na saba, aliandika, kuna kundi zima la bakteria ambalo halifanani na lolote alilowahi kukutana nalo. Si aina mpya, ni ukoo mpya, na wako tele, karibu nusu ya wote waliomo. Kwenye vichupa vingine hawapo kabisa. Katika miaka yake yote hajaona kitu kama hiki. Ana swali moja tu. Kichupa cha thelathini na saba kilitoka wapi?

Mama mdogo hakuangalia orodha yetu. Nilikimbilia kuiangalia mimi. Kistari.

"Kaa," akaniambia. "Vidole vyangu vina baridi. Andika wewe."

Nikakaa.

"Mwambie ahsante. Mwambie tumefurahi sana."

Nikaandika tumefurahi sana.

"Mwambie kichupa hicho hatujui kilitoka wapi."

Nikaandika. Nikangoja. "Atauliza kwa nini, mama mdogo. Mtu anajuaje kina na msimu halafu hajui mahali?"

"Basi mwambie kwa nini."

Nikaandika kwamba karatasi za ndani nilizitoa mimi, msaidizi wake, nikidhani nasafisha, na kwamba wino wa nje ulifutika. Sentensi mbili. Nilitegemea atasema futa hiyo, andika hitilafu imetokea. Ni mtu wa kuwastiri wanafunzi wake. Nimemwona akikubali visingizio ambavyo hata mimi ningeona haya kuvitunga. Alisoma begani kwangu, polepole. Akarekebisha neno moja, akanyoosha mkono, akabonyeza tuma mwenyewe. Kisha akakusanya chaki zake akaenda darasani.

Profesa alijibu ndani ya dakika kumi na tano. Nilifungua kwa sababu kompyuta ilikuwa imeachwa wazi. Aliandika kwa upole sana. Alisema pole, haya hutokea, yeye mwenyewe akiwa kijana alishawahi kuyeyusha kazi ya mwaka mzima. Kijana asilaumiwe. Na kwamba jambo hili ni kubwa mno kuliacha, kwa hiyo turudi tu pale pale, sehemu zote tatu, tukachukue wengine. Hata vipande vitano vitano vitatosha, na yeye atatusubiri. Habari za tope hatukuwa tumemwandikia.

Nikatoka na koti langu jeupe nikaenda mpaka mlango wa darasa. Kupitia kioo nilimwona amewapa wanafunzi mgongo. Alikuwa amechora sifongo ubao mzima, na sasa anachora mishale ya maji, anaiongeza mmoja mmoja, inaingia kila upande. Mwanafunzi wa mbele alinyoosha mkono kuuliza kitu, na mama mdogo akageuka akiwa anatabasamu.

Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika arobaini. Nikasimama koridoni, nikasubiri.